Chuo Kilicholeta Posa

Shangazi yangu ana ujuzi mmoja unaokubalika Likoni nzima, nao ni kupokea posa. Posa ikibisha hodi popote kuanzia Mtongwe mpaka Shika Adabu, huitwa yeye kwanza, imamu baadaye. Hujua nani wa kuulizwa habari za kijana, hujua kikao kikae baada ya alasiri au baada ya isha, na hujua kumkataa mtu kwa maneno matamu hata akaondoka akishukuru. Mimi nilimharibia posa mbili katika ujana wangu, zote za watu wenye kazi zao, na mpaka leo akinimiminia kahawa hunitilia nusu kikombe.

Kwa hiyo nilipotaka ushauri wa kuchagua chuo cha kusomea shahada ya uzamivu ya famasia, yeye alikuwa mtu wa mwisho kumfikiria. Lakini shangazi ni dada wa marehemu babangu, na kwetu jambo la mtoto wa kike halipiti bila upande wa baba kukohoa.

Mimi ni mfamasia. Hukaa nyuma ya dirisha la dawa katika kituo cha afya huku huku Likoni, na kazi yangu kubwa si kutoa dawa bali kuwasihi watu wazinywe. Wagonjwa wetu wa presha wana tabia yao. Mtu akijiona mzima wiki mbili tatu, tembe zilizobaki huzitoa sadaka kwa jirani anayelalamika kichwa. Nilitaka kulisomea jambo hilo mpaka mwisho wake, nijue linaanzia wapi na linatibiwa vipi. Shangazi mwenyewe ningeweza kumwandikia sura nzima, maana tembe zake zimezuru nyumba nyingi kuliko yeye.

"Wenda kusomea udaktari," aliniambia nilipompa habari, "na baada ya udaktari huo hutamdunga mtu sindano?"

"Ni udaktari wa dawa, shangazi."

"Kwani dawa nazo huugua?"

Mama alikuwa ameketi karibu na mlango wa uani, akidarizi kofia. Hiyo ndiyo kazi yake tangu nimjue, na macho yake hadi leo huona tundu la sindano ambalo mimi silioni. Alikuwa na uzi katikati ya midomo. Mama asipotaka kuulizwa neno huuweka uzi mdomoni, na hapo hata polisi hawezi kumhoji.

Nilihitaji neno moja tu kutoka kwake. Tangu baba afariki tumebaki sisi wawili katika nyumba ile ya Mtongwe. Ndugu yangu yuko Doha na hurudi akipewa likizo. Mama angesema usiende, nisingekwenda, na wala nisingemlaumu. Angesema nenda, ningefunga sanduku jioni ile ile. Lakini hakusema. Nikimuuliza alijibu, "Mtu mwenyewe ni wewe," kisha akauramba uzi, akautia mdomoni. Na nafasi yangu ilikuwa ikingoja mpaka mwisho wa mwezi tu, baada ya hapo angepewa mwingine.

Nilijaribu kumweleza shangazi mambo yalivyo.

"Nimekubaliwa, shangazi. Sasa wangoja jawabu langu."

"Wao ndio walioleta maneno?"

"Mimi ndiye niliyeomba kwanza."

Uso ukamkunjamana. "Mwanamke wewe ndiye uliyetangulia kuomba?"

"Ndivyo ilivyo kwenye vyuo."

"Hilo tutalificha," akasema, akaweka kikombe chini. "Kama wao wakutaka, nawe wangojewa jawabu, basi hiyo ni posa. Na posa haijibiwi kabla ya kupeleleza."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha, na mizaha yake huwa mizuri. Sikujua kwamba kuanzia dakika ile faili langu lilikuwa limeshahamia mikononi mwake.

Waposaji, yaani vyuo nilivyokuwa nikivipima, walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa chuo kimoja cha India. Huyo alikataliwa kabla kahawa haijapoa.

"India huendwa na wagonjwa," shangazi alisema. "Mume wa jirani yangu alikwenda na figo moja, akarudi na nyingine. Wewe waumwa na nini?"

Nikamweleza kwamba huko kuna shule kubwa za famasia, na kwamba dawa nyingi ninazotoa dirishani hutengenezwa huko huko.

"Kama huja zenyewe, wewe wazifuatia nini?"

Wa pili alikuwa chuo cha kisiwani, ukivuka feri tu umefika. Huyo ndiye aliyempenda. Tatizo ni kwamba masomo ya uzamivu pale yalikuwa "yaanza karibuni," na yalikuwa yaanza karibuni tangu zama nilipokuwa nikivaa sare ya shule. Shangazi hakuona tatizo. "Huyo ni binamu," alisema. "Twamjua, na kwao twakujua. Kama leo hana kitu, kesho atapata. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Huyu hali hata kidogo, shangazi. Hana meno."

"Subira yavuta heri."

Wa tatu alikuwa chuo cha Nairobi. Huyo ndiye niliyemtaka mimi. Palikuwa na profesa mmoja pale aliyekuwa akichunguza kwa nini watu huacha dawa njiani, nami nilikuwa nimesoma kila alichoandika. Nilipomtaja, sauti yangu ilibadilika kidogo, na shangazi aliidaka hapo hapo.

"Huyo wa bara ndiye uliyempenda," akasema. "Basi huyo ndiye wa kuchunguzwa sana."

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, anauza vitambaa Eastleigh, huko huko Nairobi. Shangazi akampigia simu mbele yangu na kumpa maagizo yale yale anayowapa wapelelezi wote. Usimuulize mwenyewe kwanza, mwenyewe hujisifu. Muulize anayewauzia chakula, huyo ndiye huwajua. Kisha omba kuingia msalani, maana nyumba hujulikana kwa choo chake. Ukishatoka msalani, onana na mtu mwenyewe, umuulize wake zake wa kwanza walikwenda wapi.

"Shangazi, hiki ni chuo kikuu!"

"Ndiyo maana aulize sana. Hao wakubwa ndio wenye kuficha."

Nilimtazama mama anitetee. Mama alikuwa anaramba uzi.

Ami alikwenda. Mimi nilidhani hatakwenda, nilidhani ataketi dukani kwake atunge habari, lakini nilisahau kwamba naye ni mtoto wa nyumba ile ile. Alivaa kanzu na koti, akapanda gari mpaka langoni pa chuo, akaanza kwa mama muuza chai. Siku hiyo hiyo jioni tulimsikiliza, simu imewekwa katikati ya sinia ya tende ili sauti isikike.

Mama wa chai, alisema ami, ni mtu wa bara lakini ana adabu. Kamwambia hao wa udaktari huingia langoni wakiwa na nywele nyeusi na hutoka na mvi, ila hawana matusi, na wakiona mvua huja kukaa kwake. Msala ameuona. Ni safi. Maji yapo, karatasi ipo.

"Birika?" shangazi akauliza.

Ami akakohoa simuni. "Birika la kutawadhia halipo."

Shangazi alishusha pumzi kama aliyeambiwa bwana harusi hana mguu mmoja. Lazima nieleze hapa kwamba maji kwetu ni jambo la heshima. Mfereji ukikauka, nao hukauka mara nyingi, sisi hununua maji ya mitungi ya mkokoteni, na mama huyapima maji kwa kata. Amewahi kunikemea nikiwa mtu mzima, mwenye shahada mbili, kwa kutawadha na birika moja na nusu. Nyumba yenye maji isiwe na birika, hilo halikumwingia mtu yeyote katika kikao kile, na hata mimi, kusema kweli, lilinishtua kidogo.

"Na yule mtu mwenyewe?" shangazi akauliza.

"Nimeonana naye," ami akasema. "Ni mtu wa haki." Akakataa kusema zaidi mpaka siku ya kikao.

Habari kamili nilizipata kwa mhusika. Siku ya pili nikiwa kazini, foleni imefika mlangoni, simu ikalia. Ni profesa.

"Ami yako alinitembelea," alisema, kwa Kiswahili chake cha bara cha taratibu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Ameniuliza kama navuta sigara. Ameniuliza kama mama yangu yuko hai na nilimpigia simu lini. Halafu akaniuliza wanafunzi wangu wa kwanza walienda wapi."

"Nisamehe, profesa."

"Hilo la mwisho hakuna mtu amewahi kuniuliza. Nikamwambia wengine walimaliza na wanafundisha, lakini mmoja aliniacha katikati, na makosa yalikuwa yangu. Nilikuwa nasafiri sana, sikusoma kazi yake. Siku hizi sisafiri hivyo. Sijui kwa nini nilimwambia. Alikuwa amenishika mkono na hakuuachilia."

Nilipokata simu nilibaki nimeshika kifuko cha dawa cha mtu, nimesahau ni cha nani. Nilikuwa nimesoma maandishi yote ya mtu yule, na sikuwahi hata siku moja kuwaza kumuuliza alivyo kwa wanafunzi wake. Aliyeuliza ni muuza vitambaa aliyetumwa na mwanamke anayegawa tembe za presha. Sikumwambia shangazi, maana asingelala kwa furaha, na presha ingempanda.

Kikao kilikaa Ijumaa baada ya alasiri, nyumbani kwetu. Shangazi alivaa leso yake ya posa, ile isiyotoka kabatini bila sababu. Ami alikuwa kwenye simu, juu ya sinia, naye alitoa ushahidi wake: profesa ni mtu anayekiri kosa lake. Mama alileta kahawa na kaimati, kisha akarudi mahali pake karibu na mlango, kofia mapajani.

Shangazi alitoa hukumu. India ajibiwe kwa upole, aambiwe binti ana udhuru. Binamu wa kisiwani aambiwe tuko pamoja, na siku atakapokuwa tayari tuna wasichana wengine. Nilicheka, yeye hakucheka. Kisha akanigeukia, akaketi wima.

"Mwanangu," alisema, "chuo cha Nairobi kimekuja kwa njia ya halali. Kimepelelezwa, na hakikuonekana na kasoro ila birika. Umeridhia?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu mwezi uliotangulia, nikilala nalo na kuamka nalo. Nikafungua mdomo, na hapo jicho langu likaenda mlangoni. Mama alikuwa ameinamia kofia yake, uzi mdomoni, na sindano haikuwa ikienda. Niliona jinsi mahali pale pa kuketi palivyo pembeni, na jinsi nyumba itakavyokuwa kubwa kwake mimi nisipokuwamo. Neno halikutoka.

"Mbona kimya?" simu ikauliza.

"Kimya," shangazi akasema, na uso wake ukafunguka. "Alhamdulillahi. Kimya cha mwari ni idhini."

Nina miaka thelathini na tano na mvi zisizofichika. Lakini wallahi sikupata hata nafasi ya kusema mimi si mwari. Shangazi alipiga kigelegele cha watu watatu. Jirani wa kushoto akaitikia bila kujua anaitikia nini, wa kulia naye akapokea, na kabla ya magharibi nusu ya Mtongwe ilikuwa na habari kwamba yule msichana wa dirisha la dawa, aliyewakataa wawili, hatimaye ameridhia.

Jumatatu kazini nilikiona cha moto.

"Hongera," bibi wa kwanza kwenye foleni aliniambia. "Twasikia ni mtu wa bara."

"Si mtu, bibi. Ni chuo."

"Mtu wa chuo! Mwalimu?"

"Ni profesa," akasema mwanamke wa nyuma yake, ambaye sijapata kumwona maishani.

"Profesa ni watu wazima sana," bibi akasema kwa huruma, akanipapasa mkono kupitia dirishani. "Lakini haidhuru. Wewe nawe si mdogo."

"Chukua dawa zako, bibi. Na usimpe jirani."

Nilirudi nyumbani nimechoka na kucheka na kukasirika. Mama alikuwa uani, juu ya mkeka, kivuli cha ukuta kimeshafika miguuni pake. Nikavua viatu, nikaketi kando yake.

"Nimepewa hongera tangu asubuhi," nikamwambia. "Mji wote wasema nimeridhia."

Mama akautoa uzi mdomoni. Akauzungusha kidoleni, akautia ndani ya kofia, akaiweka kofia chini.

"Uliridhia?"

"Nilinyamaza, mama."

"Sikukuuliza kunyamaza. Nilikuwapo, nimekuona wanyamaza. Nakuuliza, uliridhia?"

Akanitazama, kisha akatazama ukuta.

"Siku niliyoulizwa habari ya babako, nami nilinyamaza vivi hivi. Shangaziyo alikuwapo, msichana mbichi, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Wajua kwa nini nilinyamaza?"

"Uliona haya," nikasema.

"Haya zitoke wapi? Nilikuwa nimebanwa na mkojo. Walinikalisha juu ya kitanda tangu adhuhuri, nimefunikwa gubigubi, na maji ya madafu wakininywesha. Nikajua nikifungua mdomo tu, yatatokea ya kutokea."

Nilicheka mpaka nikalala juu ya mkeka. Mama naye alicheka, mabega yakimtikisika, akijipangusa macho kwa ncha ya leso. Tulicheka hadi jirani akachungulia juu ya ukuta. Kisha mama akaacha kucheka, mimi nikiwa bado.

"Babako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu," alisema. "Ningeulizwa mara ya pili, nimekwisha toka msalani, huenda ningesema ndiyo. Lakini hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Nimeishi nyumba hii miaka yote kwa ndiyo ambayo sikuisema. Sina majuto, usinielewe vibaya. Lakini wewe ni mwanangu. Sema kwa mdomo wako, niisikie."

Nikaketi. "Nataka kwenda, mama. Nairobi. Nataka sana."

"Hivyo," akasema, akatikisa kichwa taratibu. "Sasa nimesikia."

Ningetulia hapo, mambo yangekuwa yamekwisha. Lakini nilikuwa ndiyo kwanza nimefundishwa, na mwanafunzi mpya hana breki.

"Na wewe, mama?" nikamuuliza. "Umeridhia?"

Mama aliichukua kofia, akaigeuza, akaitazama mshono kama kazi ya mtu mwingine. Midomo ilimcheza. Nilingoja, na nilivyongoja ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa sababu kimya kile nilikijua si idhini wala si kukataa.

"Ngoja nikakojoe kwanza," akasema.

Akainuka, akaingia msalani, akakomea. Mfereji wetu ulikuwa mkavu tangu Alhamisi. Nilisikia kata ikigonga ndoo na maji yakimwagika sakafuni. Kata nyingine. Nyingine tena. Mama yule yule anayenihesabia maji ya udhu aliyamwaga ya mtungi mzima wa mkokoteni, na mimi nikakaa pale mkekani, nikilia kimya kimya, nikimwachia anawe.

Alipotoka uso ulikuwa umelowa mpaka kifuani pa dera, na macho mekundu. Mkononi alishika birika letu la kutawadhia, lile la plastiki ya kijani, limesuguliwa hadi linang'aa.

"Nimeridhia," akasema, kwa sauti ambayo jirani wa kushoto na wa kulia waliisikia.

Akaniwekea birika mapajani, bado linachuruzika maji.

"Kwao halipo. Nenda nalo."

"Na wewe utatumia nini, mama?"

"Nitatumia kopo," akasema, akaketi mahali pake, akautia uzi mdomoni.